Tausi wa Mama Hiral

Bhagwati alizaliwa Shinyanga mjini, akaolewa Shinyanga mjini, na alipochoshwa na Shinyanga mjini akahamia Katoro na mumewe, Kaushik, wakafungua duka la vitambaa. Katoro wanamwita Mama Hiral, kwa jina la bintiye anayesoma Dodoma. Anauza vitenge, vyandarua na vitambaa vya sare za shule. Mteja wa Kisukuma akianza kuomba kupunguziwa, anajibiwa kwa Kisukuma kwamba haiwezekani. Mtu akitoka machimboni na kutaka kitambaa cha suti, Mama Hiral anampima kwa macho tu, na hajatokea aliyerudi kulalamika.

Kwamba aliwahi kuchora, hakuna aliyejua.

Hayo yalikuwa mambo ya zamani, alipokuwa bado mke mgeni kwenye duka la wakwe. Mama mkwe hakupenda kumwona mkaza mwana ameshika kitabu kaunta. Alisema wateja watadhani duka limefungwa. Simu haikumsumbua, kwa sababu mtu aliyeshika simu anaonekana ana shughuli. Na simu ya Bhagwati ilikuwa na sehemu ya kuchorea: kioo kidogo, rangi nyeusi peke yake, unabonyeza unapata nukta moja. Mchana wateja wakipungua, alibonyeza. Msimu mzima wa mvua akamchora tausi: kishungi, shingo, na mkia uliokunjuka wenye macho yake yote. Ukimtazama, ulimjua kuwa ni tausi.

Akamwonyesha Kaushik. Kaushik akasema, "Vizuri," akaendelea kula.

Bhagwati hakuchora tena, lakini tausi hakumfuta. Kila alipobadilisha simu alihama naye, mpaka akaishia kwenye simu moja ya vitufe inayokaa kwenye droo pamoja na futi za kupimia.

Mwaka jana upepo uling'oa bango la duka. Kaushik akapendekeza bango jipya lenye jina tu. Bhagwati akasema safari hii kutakuwa na picha, na picha anayo. Akachukua simu ya kwenye droo, akaenda kwa Zuhra, mwanamke kijana anayechapa mabango na fulana karibu na stendi.

"Shikamoo, Mama Hiral."

"Marahaba. Nataka huyu awe mkubwa kama mlango."

Zuhra akaisogeza simu karibu na macho. Akaihamisha picha kwenye kompyuta kwa bluetooth, na kompyuta ikakataa kuifungua.

"Aina hii ya picha ni ya simu za zamani," alisema. "Kompyuta hii haiifahamu kabisa." Akaingia mtandaoni, akapata tovuti ya kugeuza picha. "Sikiliza, mama. Picha yako imejengwa kwa nukta. Nikiivuta iwe kubwa kama mlango, kila nukta itaonekana kama tofali. Hii tovuti inazigeuza nukta kuwa mistari. Mistari unaikuza unavyotaka, haiharibiki."

"Na tausi?"

"Atabaki yuleyule."

Alisema hivyo kwa nia njema kabisa. Akaipakia picha, kiduara kikazunguka, faili jipya likashuka. Akamtumia Mama Hiral kwa WhatsApp aidhinishe. Bhagwati akaitazama kwenye simu yake ya sasa, ndogo kama alivyoizoea siku zote, akamwona tausi wake.

"Chapa," alisema.

Mafundi walipolipandisha bango, Bhagwati alivuka barabara ili alione vizuri. Tovuti ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu. Nukta zilizokaribiana ilikuwa imeziunganisha, na kila kona ilikuwa imeilainisha. Macho ya mkia yalikuwa yamemezwa na mwili. Mkia wenyewe ulikuwa umefupika na kunenepa. Kishungi kilikuwa kimenyanyuka kama cha jogoo.

Kaushik akaja kusimama pembeni yake.

"Ni kuku," alisema.

"Ni tausi."

"Sawa. Ila anakaribia kutaga."

Kesho yake asubuhi aliingia Mbuke, mama mfugaji kutoka Buseresere.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka."

"Naomba dawa ya kideri, kuku wangu wanaumwa."

"Hapa tunauza vitambaa, mama."

Mbuke akaangalia vitenge ukuta huu na ukuta ule. Akatoka nje, akalitazama bango, akarudi ndani.

"Basi hata pumba," alisema.

Bhagwati akamwelekeza ng'ambo ya barabara, kwa Sostenes, mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo. Akawaelekeza huko na waliofuata, kwa sababu walifuata wengi. Wiki haikuisha, Sostenes mwenyewe akavuka barabara na kofia mkononi.

"Mama Hiral, tumeishi vizuri muda wote huu. Kama unaingia kwenye kuku, ungenieleza tu."

"Siingii kwenye kuku. Yule pale ni tausi."

Sostenes akatoka, akainua macho kwa heshima.

"Ni mbegu ya kisasa?" aliuliza.

Bhagwati akamwacha hapo mlangoni. Akaenda nyuma, akakaa juu ya robota la vyandarua. Hao waliotafuta pumba hawakumuuma. Kilichomuuma ni kwamba katika maisha yake alichora kitu kimoja tu, akakitunza simu hadi simu, na sasa mji mzima ulikuwa ukimwambia, kwa adabu, kwamba hakukichora.

Akamwachia Kaushik duka, akaenda kwa Zuhra.

Zuhra alikwishaliona bango na alikuwa na pole yake tayari. Akalifungua faili akalikuza, na pembezoni mwa kuku zikatokea alama ndogo ndogo. "Mama, bado anarekebishika. Hivi ni vishikio. Ukivuta kimoja, mstari unakifuata."

"Hebu sogea," Bhagwati alisema.

Akakaa kwenye kiti, akashika kipanya kama mtu anayeshika yai. Mara ya kwanza alivuta shingo ikafika nje ya ukurasa. Zuhra akamwonyesha namna ya kurudisha nyuma. Akavuta tena, taratibu. Jioni hiyo alipata unyoya mmoja tu. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, kila alasiri, akitoa macho ya mkia ndani ya mwili wa kuku, moja baada ya jingine. Hakuwa akitazama picha ya zamani. Dukani Kaushik aliuza kitambaa cha sare za shule fulani kwa wazazi wa shule nyingine, na Bhagwati alipoambiwa alisema, "Wabadilishie," akaendelea na mkia.

Bango la pili lilipopanda, Kaushik alisimama barabarani mpaka bodaboda ikampigia honi.

"Huyu ni tausi," alisema.

"Ndiyo."

"Ulimchora lini?"

"Ulipokuwa unakula."

Kuku wa bango la kwanza alichukuliwa na Sostenes, akampigilia misumari juu ya mlango wake, na wafugaji wa Buseresere sasa wanafika moja kwa moja bila kuvuka barabara. Mbuke bado anapita kwa Mama Hiral kumsalimia, na anamsikitikia kwa kuacha kuku, biashara iliyokuwa na wateja.

Siku hizi Zuhra akipata picha ambayo tovuti imeivuruga, hahangaiki nayo. Anaiweka pembeni mpaka alasiri, Mama Hiral afike. Juzi alikuja Deusdedit, mwalimu wa kwaya, na picha ya kwenye simu yake ya zamani anayotaka iwe kwenye sare za wanakwaya. Bhagwati akavaa miwani, akaikuza.

"Ni njiwa," Deusdedit alisema haraka.

"Naona. Mguu wake wa kulia una shida."

"Huo ni mkia, mama."

Bhagwati akavuta kiti karibu na meza. "Basi kaa hapa," alisema, "unionyeshe kichwa kiko wapi."