Digna na Simu Iliyoitwa Baba Edna

Kila asubuhi, Digna wa Lumemo alipeta mchele huku akimsimulia marehemu mumewe habari za nyumbani. Mume huyo, Hermenegildi, alizikwa nyuma ya banda la kuku. "Baba Edna," angeanza, maana hata alipokuwa hai hakumwita kwa jina lake. Ungo ukicheza, pumba zikiruka, angemweleza kuwa mvua imechelewa, kuwa ndege wamevamia shamba la Idete.

Macho yake yalipoingia ukungu, binti yake Edna alimletea kutoka Dar es Salaam simu inayotii sauti. Ukiita jina lake, inaamka na kukupigia unayemtaka. Jina la kiwandani lilimshinda Digna. Edna akacheka, akaipa jina ambalo ulimi wa mama yake usingelisahau: Baba Edna.

Simu ikakaa dirishani, jirani na ungo. Digna alizoea redio: isiposema, imezimwa; akadhani na simu ni hivyo hivyo. Kumbe kila alipomwita mumewe simu iliamka, ila ilipopewa habari badala ya amri haikujibu. Iliyaandika maneno na kuyapeleka kwenye simu ya Edna, aliyeziunganisha simu hizo mbili ili amwangalie mama yake kwa mbali.

Asubuhi moja Edna alipiga. Akaamkia, akaitikiwa.

"Mama, Beatus wa Chita ni nani?"

Ungo ukasimama.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Simu imeandika. 'Baba Edna, mwanao Beatus wa Chita kaoa. Kafanana nawe mpaka masikio.'"

Hermenegildi alipokuwa akiugua, Digna alimwahidi kwamba Edna hatajua kamwe. Alikuwa ameitunza ahadi ile kwa watu wote wenye masikio.

Edna hakugomba. Aliuliza kama huyo kaka ana watoto, kisha akaomba radhi. Hakujua kwamba mama yake bado anaongea na baba.

"Nitalifuta hilo jina leo hii, mama."

"Lifute," alisema Digna.

Kesho yake aliiacha simu chumbani, chini ya mto, akafunga mlango. Akaketi na ungo pale pale. Midomo ikafunguka kwa jina, ikafumbwa. Akapeta mpaka mchele ukawa mweupe, akauosha, akauinjika, akala.

Jioni jirani alipita kumwambia kuwa ndege wameondoka Idete. Digna akashukuru, akaingia ndani. Hakumsimulia yeyote.