Kambale wa Mama Nkandu

Mama Nkandu hakuuza samaki mfu hata siku moja, na mtu asiniletee hadithi nyingine. Mimi Chisanga nauza unga wa mahindi kwenye meza iliyo jirani na yake, hapa sokoni Bel-Air, na nimemwona kwa macho yangu. Alikuwa na beseni la maji, ndani yake kambale weusi. Mteja akifika, yeye anamchoma samaki ubavuni kwa kidole. Asiporuka, anamtupa. Akiruka na kummwagia mteja maji usoni, Mama Nkandu anacheka mpaka kitenge kinamlegea, kisha analiita soko zima: "Inaruka! Inaruka! Mukuye muone!"

Sheria hiyo aliianzisha mwaka ule tilapia wa mto wetu walipoelea tumbo juu, baada ya kiwanda cha shaba kumwaga humo maji yake machafu. Wengine waliwaokota, wakawakausha, wakawauza bila haya. Yeye alikataa katakata. "Ile inakufa iko na sumu, ile inaishi iko muzuri," alisema, na sisi sote tukaona hiyo ndiyo akili. Nani angebisha? Hata mimi, mbishi nilivyo, sikubisha.

Basi Benita, binti yake pekee, akapata mimba ya pili. Ya kwanza sipendi kuisimulia. Mtoto alizaliwa na mgongo ambao haukufunga, na jua halikuzama akiwa hai. Watu wa upande wa mume wakasema ni ulozi wa shangazi, na shangazi wa watu akahama mtaa kwa aibu. Safari hii Mama Nkandu aliapa kwamba mjukuu wake hatapotea. Kila jioni alimchagulia Benita kambale aliyeruka kuwashinda wote, pamoja na kichwa chake, kwa sababu nyumbani kwao kichwa cha samaki ni cha mwenye mimba na hakuna mwingine anayekigusa.

"Kula, mama yangu," alikuwa anambembeleza binti yake. "Nguvu ya hii samaki ipite kwa mutoto."

Sasa akaja Michelle, infirmière, muuguzi wa kituo cha afya, anapita meza kwa meza kuwaambia bamama wenye mimba waache samaki wa mto ule. Weeh! Mama Nkandu alisimama kama aliyetukaniwa mama yake. Alimshika kambale mkubwa, akamchoma ubavu, samaki akapiga mkia mpaka blauzi nyeupe ya Michelle ikachafuka.

"Unaona? Ile iko na sumu inaweza kuruka hivi?"

Michelle alijipangusa taratibu. "Mama, kambale iko nguvu. Tilapia inakufa, yeye anabakia. Lakini ile mayi anakunywa, ile matope anakula, yote anaweka mu nyama yake. Haimuue yeye. Inangojea weye."

"Toka hapa!" alisema Mama Nkandu, na mimi nikamsaidia kumfukuza. Nilikuwa na hasira. Watu hawa wanakuja na blauzi zao kutuharibia soko, wanaondoka, na kiwanda hawakiambii kitu.

Lakini tangu hapo Mama Nkandu hakutulia. Anakaa, anasimama. Anamshika samaki, anamrudisha. Wateja wanamwita mara mbili ndipo asikie. Alikuwa anaangalia njia ya nyumbani kwa Benita kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Mwishowe nikachoka kumtazama.

"Dada, unanizungusha kichwa! Twende kwa Guelor tumuulize."

Guelor ndiye mvuvi aliyemletea kambale kila asubuhi. Tulifunika meza zetu, tukaenda kwa miguu hadi kwake, karibu na mto. Mke wake, Estelle, alikuwa kwenye mbabula, jiko la makaa, anapika, na kama mjuavyo mgeni akikuta chakula anakaribishwa. Tukakaribishwa. Bukari, ugali wetu, ikaletwa, na mboga. Mama Nkandu akafunua sufuria, akabaki na mfuniko mkononi.

Ndani kulikuwa na thomson. Ndiyo, thomson, yule samaki wa barafu, anayetoka mbali kwenye makartoni, anayenunuliwa dukani. Nyumbani kwa mvuvi!

"Estelle, juu ya nini munakula thomson, na kambale iko mingi hivi?"

"Ile ya pale?" Estelle alicheka kidogo. "Apana, mama. Shiye hatukulaka ile. Ile ni ya kuuzisha."

Guelor akaangalia chini. Mama Nkandu akamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini hawali.

"Pale kwenye tunavua hakuna tena kitu ingine inaishi, mama. Hata vyura. Ni kambale tu."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama. Kila siku uliniuliza tu kama inaruka."

Mimi nilitaka kumpiga na mwiko, naapa. Mama Nkandu alirudisha mfuniko juu ya sufuria, akanawa mikono ambayo haikuwa imegusa chakula, tukaondoka.

Alimwaga beseni siku hiyo hiyo. Alikwenda kwa Michelle akamwomba msamaha, akauliza dawa ya kumtoa Benita ile sumu. Michelle akamwambia dawa hiyo hana. Waache samaki, wangoje. Kungoja! Benita alilia, akasema, "Mama, nimekula tangu mwanzo." Sokoni Wivine, muuza samaki mwenzake, alichukua wateja wote, na Guelor naye akampelekea kambale. Wivine huyo huyo akathubutu kusema mchuma janga hula na wa kwao. Nilimwambia afunge kinywa kabla sijakijaza unga. Alichuma nini Mama Nkandu? Alichagua kilicho bora kwa mwanawe, basi!

Benita alijifungua asubuhi, mvulana. Tulikuwa mlangoni mwa maternité, na watu wa upande wa mume pia. Mkunga alipomtoa mtoto, alikuwa anapiga miguu, anapiga mikono, analia kwa hasira.

"Tazama vile inaruka!" walipiga kelele watu wa upande wa mume. "Inaruka, huyu mutoto!"

Vigelegele vikajaa ukumbi, na mimi nilipiga pia. Mama Nkandu alimpokea mjukuu wake, akafungua kitambaa alichofunikwa, akapitisha kiganja mgongoni, kuanzia shingoni hadi chini, polepole. Mgongo ulikuwa umefunga. Nikasema asante Mungu. Nikangoja acheke. Mtoto akampiga teke la kifua, na yeye akaniangalia kwa macho yaliyojaa maji.

"Chisanga," alisema, "hata kambale ilikuwa inaruka."

Ndani, Benita alikuwa anaita kutoka kitandani: "Mama, eko muzuri? Mama! Mutoto eko muzuri?"

Mama Nkandu alifungua tena kile kitambaa, akaanza kumtazama mtoto upya, tangu kichwani.