Watu Mia Nne Walikufa

Wanafunzi walimwita Koma, na jina lenyewe alijitafutia. Mtu akipiga soga darasani, "Koma!" Mtu akisahau alama kwenye insha, "Koma!" Miaka ishirini na miwili ya chaki, Kiswahili asubuhi na Historia baada ya mapumziko, na neno lake ni hilo hilo. Ila Jumanne hiyo aliyekomeshwa alikuwa yeye.

Mkuu wa shule alimwita ofisini, akafunga mlango, wala hakumkaribisha kiti. Mama yule si mbaya, lakini akiogopa huwa mkali.

"Mwalimu, mkaguzi yuko njiani. Anataka Kidato cha Nne, Historia. Umefika wapi?"

"Vita vya milimani, mkuu. Sura ya tisa."

"Salaala! Katika sura zote?" Akajishika kichwa. "Basi soma kitabu kilivyo. Usitie chumvi, usipunguze. Maabara yetu unajua imejengwa na nani."

Alijua, nani asiyejua? Serikali iliyoshinda vita vile huko ng'ambo bado inatawala, na ndiyo iliyoijengea shule maabara ya vigae vyeupe. Balozi wao alikuwa aje kukata utepe mwezi ujao.

"Una ripoti mbili mbaya za kutoka nje ya kitabu," mkuu akaendelea. "Ya tatu ni uhamisho, na mimi sitakuwa na la kukutetea. Shule yenyewe nimeiona kwenye orodha. Safari ya siku mbili."

Koma aliegemea ukuta, na wewe usimcheke. Mkewe alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, katika hospitali ya mji huu. Huko kwa safari ya siku mbili hakuna mashine. Kuna zahanati, na vidonge vya kutuliza maumivu siku vikipatikana. Kumhamisha Koma kulikuwa ni kumzika mkewe, basi.

Saa tano mkaguzi aliketi dawati la nyuma, bwana mpole mwenye kalamu mbili, moja nyekundu. Wanafunzi arobaini na watatu walinyooka kama waliomezeshwa rula. Koma akasoma sababu za vita, akasoma tarehe, mambo yakaenda shwari. Kisha akaufikia ukurasa ule.

"'Jeshi la serikali liliingia mji wa daraja alfajiri. Watu mia nne walikufa. Amani ikarejea.' Andikeni."

Kalamu zikaanza kazi. Mkono mmoja ukapanda juu. Wa nani tena kama si wa Wakili, msichana wa dawati la pili, ambaye hata kengele ikilia hudai ushahidi!

"Mwalimu, walikufa na nini? Kulikuwa na kipindupindu?"

Darasa likacheka. Koma kijasho kikamtoka.

"Ni vita, binti yangu. Vitani watu hufa."

"Lakini mwalimu, leo leo umetufundisha kauli za vitenzi. Umesema mtu akikwambia kuku alikufa, na shingo huioni, ujue kuna mtu kajificha nyuma ya kitenzi. Sasa hapa kajificha nani?"

Lo! Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Koma alikuwa amekichimba saa mbili asubuhi, tena kwa chaki ya rangi. Huko nyuma mkaguzi aliinua kichwa. Akaiweka chini kalamu ya buluu, akashika ile nyekundu.

Jibu Koma alikuwa nalo. Zile ripoti mbili mbaya zilitokana na jibu hilo hilo: watu walikusanywa sokoni, wanaume, wanawake na wazee, na askari wakapewa amri. Ulimi ulikuwa tayari. Kisha akauona akilini mkono wa mkewe, mshipa uliovimba pale sindano zinapoingia, akaogopa kama mtoto.

"Koma," alisema. "Jibu la mtihani ni walikufa. Andika walikufa, ukae."

Wakili akakaa, akaandika. Lakini alivyomtazama kabla ya kukaa, heri angemtukana.

Ripoti ikatoka nzuri ajabu. "Mwalimu anaheshimu kitabu," aliandika mkaguzi, akampa na mkono. Mkuu wa shule akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

Alasiri Koma alikwenda hospitali mbio, akavuta kigoda kando ya kitanda cha mkewe, akamsimulia yote huku mashine ikizungusha damu. Alitarajia shukrani. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mtoto wa watu umemwambia akome?"

"Ningefanyaje? Ni kwa ajili yako, mke wangu."

"Uwongo wako sema kwa kinywa chako, mume wangu, usinitwishe mimi. Mimi wangu mzigo unauona, unazunguka huo."

Koma akakasirika. Amemwokoa, halafu anasimangwa!

Alhamisi aliingia darasani akakuta kioo cha dirisha kiko sakafuni vipande vipande, na mpira umetulia chini ya dawati kana kwamba nao ni mwanafunzi.

"Nani amevunja kioo?"

Macho yote yakaenda kwenye mpira.

"Nauliza, nani?"

Wakili akasimama, mikono nyuma, kwa adabu zote. "Kimevunjika, mwalimu."

"Naona kimevunjika! Kimevunjwa na nani?"

"Kimevunjika tu, mwalimu."

"Kimevunjika," darasa zima likaitikia.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa dhihaka Koma angejua la kufanya, kwani maneno ya kuwachapia alikuwa nayo tele. Lakini watoto wale hawakumdhihaki. Walikuwa wanajibu walivyofunzwa, na aibu ilimshika mwalimu wa watu mpaka masikio yakamwaka moto.

Akageukia ubao. Aliandika kwa herufi kubwa, akikandamiza hata chaki ikakatika mara mbili: WATU MIA NNE WALIUAWA NA JESHI LA SERIKALI. Alimwaza mkewe kila herufi. Hakujidanganya kwamba jambo hili litapita hivi hivi.

"Fungueni daftari za Historia. Futeni mlichoandika Jumanne."

Viatu vya mkuu wa shule vilisikika ukumbini, ko, ko, ko, anakuja kuulizia kioo. Vikasimama mlangoni. Mama wa watu akausoma ubao, akaweka mkono kinywani.

"Mwalimu," alisema taratibu. "Futa. Futa sasa hivi, na mimi sijaona kitu."

Koma aliishika dasta. Darasa zima likamtazama mkono. Akaiweka mezani.

"Mwalimu," Wakili akauliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, "tukiulizwa haya tumeyatoa wapi, tuseme tulifundishwa?"

"Hapana," alisema. "Msiseme mlifundishwa. Semeni Koma ametufundisha."