Kipande Kisichogusa Moyo Mzima

Kazi ninayojivunia kuliko zote haishikiki mkononi. Miaka michache baada ya mwaka elfu mbili, chuo nilikofanya kazi hapa Birmingham kilinipa jukumu la kuiwezesha lugha moja ya kompyuta kushika majedwali makubwa ya namba: yenye urefu, upana, kina, na hata wakati. Kila asubuhi nilisali kabla ya kuwasha mashine.

Wa kwanza kuitumia programu niliyoiandika alikuwa binti mmoja Mkenya wa kanisani kwetu, aliyepanga chumba mtaa wa Selly Oak huku akisomea shahada ya uzamivu. Alichunguza picha za moyo unaodunda. Jumatatu moja alikuja ofisini amenuna.

"Mzee, moyo wa huyu mgonjwa umebadilika tangu asubuhi."

"Mgonjwa au namba?"

"Namba! Mgonjwa alienda nyumbani kitambo. Sasa mimi ndiye nitalazwa."

Nilicheka, kisha nikaona. Alikuwa amekata kipande kimoja cha picha na kukiongezea mwanga, na jedwali la asili likabadilika nacho. Ili kuokoa nafasi na muda, nilikuwa nimekifanya kipande kuwa dirisha tu la kutazamia namba zilezile, si nakala yake. Vipimo vyake vya wiki nzima viliharibika, na Ijumaa alipaswa kuvieleza mbele ya walimu wake.

"Imeandikwa kwenye maelezo ya programu," nilisema.

"Ukurasa wa ngapi?"

"Wa arobaini."

"Mzee, hata wewe hujafika huko tangu uuandike."

Kweli sikuwa nimefika. Nilikuwa nimesifiwa kwa kasi ya programu ile, na sifa zilinikolea. Lakini mimi ni mzee wa kanisa. Najua tofauti ya kueleza na kujitetea. Nikamwomba radhi, nikamwomba Mungu subira, nikaanza kubadilisha. Kuanzia hapo kipande kingesomwa tu. Anayetaka kukigeuza aombe nakala waziwazi.

Alhamisi mchana alijaribu tena kuongeza mwanga. Programu ikakataa. Akaomba nakala, na picha za asili zikabaki zilivyo. Alirudia vipimo vyote kutoka kwenye faili za hospitali, akamaliza jioni.

Jumapili, baada ya ibada, alinisimulia yaliyotokea Ijumaa. Mwalimu mmoja alikuwa amemuuliza atathibitishaje kwamba hakugusa picha za asili.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hata kama ningetaka, mzee aliyeitengeneza programu asingeniruhusu."

Nilirudi ndani ya kanisa, nikapiga magoti nikashukuru.