Nilimtengea Dada Yangu Kisahani Siku ya Krismasi

Admin, tafadhali usitoe jina langu, kanisani kwetu wako wengi wanaosoma page hii. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, naishi upande wa Migori. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, kwa hivyo mnivumilie. Nimeokoka siku nyingi. Jambo hili nimeliombea karibu miaka thelathini na bado liko pale pale.

Miaka ya tisini nilifanya kazi jikoni kwa mzungu mmoja wa misheni, mke wa daktari. Huyo mama alinifundisha kitu walichokula kwao Krismasi. Jibini laini inapigwa na sukari, halafu peremende za minti, zile za mistari myekundu na myeupe, zinapondwa na kuchanganywa humo. Hakiendi motoni kabisa. Kinawekwa katikati kwa bakuli moja na kila mtu anachovya biskuti yake. Mwaka mmoja akanipa pakiti ya peremende niwapelekee watoto wangu. Jibini sikuwa nayo, nikatumia akili. Nilifunga maziwa mala, yale yaliyoganda, kwenye kitambaa safi, nikaning'iniza siku nzima maji yakachuruzika, yakabaki mazito, nikayapiga na sukari kwa mwiko mpaka mkono ukauma. Peremende nilizisaga kwenye jiwe la kusagia wimbi. Bakuli nikaliweka ndani ya beseni la maji ya mtungini lipate baridi.

Dada yangu mdogo, nitamwita Akoth, alikuwa kwangu wakati huo. Alikuwa ameolewa Awendo, mumewe dereva wa lori la miwa akafa, kisha na yeye akaanza kukonda. Wakwe zake wakasema ni chira, ati amevunja mwiko wa boma lao. Wengine wakasema kwa sauti ya chini kwamba ni ayaki, ndivyo tulivyouita ukimwi. Wakamfukuza, akaja kwangu na binti yake wa miaka minne.

Nataka mjue kitu kimoja. Yule daktari alikuwa ametukalisha chini sisi wafanyakazi akatueleza kwamba ugonjwa huo haupiti kwa sahani wala kikombe wala kusalimiana. Nilimwelewa vizuri. Hilo ndilo linaloniua. Lakini nyumbani chakula cha Akoth nilikuwa nampelekea kitandani peke yake, nikijidai ni kwa sababu ni mgonjwa.

Siku ya Krismasi tulipotoka kanisani akaamka, akavaa rinda lake la kijani ambalo sasa lilikuwa linamning'inia, akaja kukaa kwenye mkeka na watoto. Nikaleta bakuli. Watoto wakaanza kuchovya. Akoth akachukua biskuti. Mama mkwe wangu, ambaye tulikuwa naye boma moja, akanitazama akasema polepole, "Nyar Karungu," yaani binti wa Karungu, ndivyo alivyoniita, "hao ni watoto wa mwanangu."

Nikachukua kisahani cha chai, nikachota vijiko viwili, nikamwekea Akoth mbele yake kabla biskuti yake haijafika kwenye bakuli. Nikasema ni ili asihangaike kuinama. Akakiangalia, halafu akacheka. "Leo nimekuwa mzungu, nina sahani yangu."

Watu wote wakacheka, na mimi pia nikacheka. Binti yake akataka kula pale kwa mamake, nikamwita, nikamwambia aje huku kwa wenzake, akaja. Akoth alikaa na biskuti mkononi hakula. Ile rangi ya peremende ikayeyuka kwenye kisahani mpaka chote kikawa cha waridi.

Baadaye nilienda nyuma ya jikoni nikakimwagia kile kisahani maji yanayochemka. Nilipogeuka alikuwa amesimama hapo ameshika ukuta. Akaniambia, "Nyamera, dada yangu, hicho kitapasuka. Ungenipa cha bati."

Alifariki kabla mahindi hayajakomaa. Sikumwomba msamaha hata siku moja.

Binti yake nimemlea mimi na ananiita Mama. Siku moja, akiwa na miaka kama saba, alilia sana akimtaka mamake, nikamwambia ile Krismasi tulichovya sote bakuli moja, na mama yako pia. Nilitaka tu anyamaze. Tangu hapo kila Krismasi anataka nitengeneze kile kitu. Sasa anasema anakumbuka mwenyewe, kwamba mamake alichovya biskuti kwenye bakuli akamtia mdomoni. Ndilo jambo la pekee analokumbuka kuhusu mamake, na nimelitengeneza mimi.

Leo ni mwalimu Homa Bay, na kanisani kwake yuko na kikundi cha kuwatia moyo watu wanaoishi na virusi. Amemwomba pasta nisimame siku ya Krismasi nitoe ushuhuda. Ameshawaambia kwamba mimi nilikula bakuli moja na mamake wakati watu waliogopa hata kikombe chake. Nilijaribu kusema magoti yananisumbua, akasema basi watasogeza mpaka mwaka mpya. Nikamwambia sijui kuongea mbele za watu. Akanijibu, "Mama, wewe sema tu vile ilikuwa."

Nikisema vile ilikuwa, nitamnyang'anya mamake mara ya pili, na najua hatanirudia. Nisiposema, nitasimama mbele ya madhabahu nidanganye huku watu wakipiga makofi. Nikiomba, nasikia tu ile sauti ikisema kitapasuka. Na kweli kilipasuka, vipande nilivitupa chooni.

Ninapoandika, maziwa yananing'inia jikoni, yanachuruzika. Ameniambia nibebe bakuli moja kubwa. Ndugu zangu, hebu niambieni, hata kama ni kwa ukali: nikisimama pale, niseme nini?