Faili Zilizorudi Bila Majina

Mjomba wangu ni mtaalamu wa kompyuta kwa sababu yeye mwenyewe alisema. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuthibitisha. Anafanya kazi kwenye jengo moja la vioo kule Westlands. Siku moja nilitumwa nimpelekee funguo alizosahau kwetu, nikaiona hiyo kazi: anabadilisha wino wa printa na kuwaambia watu wazime halafu wawashe. Lakini kwetu, hapa nyuma ya Dagoretti Corner, mama humwita hata redio ikikwaruza.

Kwa hivyo laptopu ya mama ilipoanza kutoa mlio, nilijua tumekwisha.

Ulikuwa mlio mdogo, ka-ka-ka, kama mtu anayevunja njugu kwa meno ndani ya kisanduku. Laptopu yenyewe haikuwa mpya. Ofisi ya mjomba ilikuwa inaondoa mashine zake za zamani, naye akatuletea moja huku ameibeba kwa mikono miwili kana kwamba ameizaa. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Alitunga mitihani yake humo, na programu za harusi za walimu wenzake. Mimi nilikuwa na kitu changu humo ambacho hakuna aliyekijua.

Shuleni siongei. Kwenye ripoti walimu huandika "ni mtulivu", maana yake hawakumbuki mimi ni yupi. Yale nisiyosema huwa nayaandika. Nilianza nikiwa kidato cha kwanza, kila mwezi na faili yake, na sijawahi kutaja jina la mtu, ili siku nikishikwa niweze kukana. Faili zote nilizitia kwenye folda niliyoiita "Marudio ya Kemia". Mama aliogopa kemia tangu akiwa msichana. Hangeifungua hata kwa kupewa zawadi.

Mjomba alikuja Jumamosi, kitambulisho cha ofisi kikiwa shingoni. Aliinamisha sikio kama daktari, akasema, "Hii ni virus."

Nilikuwa nimeshasoma kwa simu. Diski ikilia hivyo inakufa, ile sahani ya ndani inayoshika faili, na jambo la kwanza ni kuizima na usiandike kitu chochote juu yake. Nikakusanya nguvu zangu zote.

"Anko, nimesoma ati ukisikia hiyo sauti unafaa uzime kwanza."

"Umesoma wapi? Kwa simu?" Akamgeukia mama. "Dada, umeskia? Mtoto amekuwa engineer."

Mama akacheka. Nikanyamaza. Hivyo tu. Nimewahi kujidharau kwa mambo mengi lakini hilo liko juu kabisa: nilikuwa najua, na nikanyamaza kwa sababu watu wawili walicheka.

Akapiga window. Hapa Nairobi hiyo ndiyo dawa ya kompyuta zote. Iwe imeanguka, iwe imemwagikiwa chai, fundi wa mtaani atafuta kila kitu na kuweka Windows upya, kisha asimame pembeni akingoja kusifiwa. Mjomba alisema amehifadhi vitu vyetu "upande". Upande gani, hakusema. Ilipofika katikati, ule mlio ukawa mkubwa, skrini ikawa nyeusi, kukawa kimya.

"Hard disk imeisha," alisema. "Hizi vitu huisha." Alilisema kama habari za mzee aliyefariki usingizini, si mtu aliyenyongwa mbele yetu.

Mama alishika kichwa, akalilia mitihani yake. Mimi nilienda chooni nikakaa. Kulikuwa na miaka mitatu mle ndani.

Mwalimu mmoja akamwelekeza mama kwa fundi wa mjini anayejua kurudisha vitu. Mjomba akaja nasi, "kusimamia". Ni jengo moja katikati ya jiji lililogawanywa vibanda vidogo vya kioo, simu upande huu, mawigi upande ule. Kwenye kibanda cha fundi alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, sweta imechakaa viwikoni, anakula simsim.

"Madam, tunatafuta fundi," mjomba akasema.

"Umempata."

"Hapana, fundi mwenyewe."

"Boss, mwingine ni wa viatu. Yuko huko chini kwa ngazi."

Nilimpenda papo hapo. Alitoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akatazama skrini.

"Nani alipiga window hapa?"

"Ni mimi. Mimi ni mtu wa IT."

"Basi wewe ndio ulizika." Akamgeukia mama. "Mwalimu, rudi Jumamosi. Naokota yenye nitapata, naweka kwa disk mpya. Siahidi kitu."

Wiki hiyo nzima sikuandika, hata kwenye daftari. Niliomba faili zirudi. Sikujua naomba nini.

Jumamosi fundi alitukaribisha sote watatu na habari nzuri, au ndivyo ilivyoonekana.

"Nimepata vitu mingi. Shida ni moja. Ile orodha ya majina ya mafaili, window iliikanyaga. So zimerudi bila majina. Kila moja iko na namba tu, kama watoto wa hospitali wamechanganywa. Na si zenu peke yenu. Hata za wenye walitumia hii mashine mbele yenu zimefufuka."

"Sasa tutajuaje zetu?" mama akauliza.

"Tunafungua moja moja. Wewe unaniambia yenu, ama tupa. Yenye ni yenu naweka kwa disk mpya. Ingine nafuta."

Miaka mitatu nilikuwa nimejificha nyuma ya maneno matatu, Marudio ya Kemia, na mjomba alikuwa ameyafuta. Tena skrini ya fundi ilitazama wateja, kubwa kama ya kuonyesha mpira. Tulikuwa sisi watatu pale mezani, na nyuma yetu mzee mmoja aliyengoja chaja.

Akaanza. Mtihani wa Kiswahili wa darasa la sita: yetu. Barua ya ofisi kuhusu watu wanaoegesha magari vibaya: tupa. Programu ya harusi: yetu. Orodha ya wageni wa mkutano fulani: tupa.

Halafu ikaja yangu. Niliitambua kabla sijasoma neno, vile unavyotambua sweta yako kwenye kamba ya jirani. Mimi siandiki aya. Ni maneno tu, kutoka juu mpaka chini.

Mjomba husoma kila kitu kwa sauti, hata pakiti ya maziwa. Akasogea.

"'Amekuja tena na kile kitambulisho cha ofisi shingoni. Jumapili. Kanisani. Nadhani hulala nacho. Akifa tumzike nacho, malaika wajue ana ruhusa ya kuingia ghorofa ya sita.'" Akapiga meza. "Wee! 'Akiitwa kubadilisha wino anasema alikuwa na project. Project yake ni kutafuta mahali pa kuonekana akiwa na haraka.' Aki huyu jamaa namjua! Ni yule wa stoo! Kumbe kuna mtu ofisini alikuwa anamwandika! Huyu jamaa ni fala, dada, ungemwona."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Mzee wa chaja akacheka. Hata fundi alitabasamu akisaga simsim.

Na mimi nitasema ukweli. Kwa muda wa pumzi moja nilisikia raha. Watu wanne walikuwa wanacheka kitu nilichokiandika mimi, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe.

Kisha akatoa simu. "Madam, sogea kidogo nipige picha. Hii naweka kwa group ya ofisi leo leo. Halafu utupe."

"Ngoja kwanza," fundi akasema. "Huyu mtu ako na zingine."

Akafungua iliyofuata, na mjomba, akiwa bado na kicheko mdomoni, akaendelea kusoma.

"'Jioni anasahihisha insha za watoto wa watu, na jirani akija anamsomea zile mbovu. Wanacheka mpaka chai inapoa. Leo ilikuwa ya mtoto aliyeandika kwamba baba yake alikufa kwa muda. Walirudia hilo neno mara tatu. Mimi nilikuwa jikoni nasugua sufuria. Ndiyo maana sitawahi kumwonyesha kitu nilichoandika. Afadhali nimwonyeshe mbwa wa—'" Akashusha simu. "Hii sasa haina story. Ni za wenye ofisi, tupa zote."

Mama hakuwa anacheka. Hakunitazama. Alikuwa ameinama mbele kidogo, anasoma mwenyewe, vile anavyosoma karatasi ya mwanafunzi anayemshuku kuwa amenakili. Nadhani alimkumbuka yule mtoto. Nadhani aliikumbuka hata chai.

"Mwalimu?" fundi akauliza, kidole juu ya kitufe. "Yenu, ama tupa?"

Mama aliendelea kusoma.

Ningeweza kunyamaza. Ingefutwa, na mjomba angebaki na hadithi ya mtu wa stoo, na mama angebaki na shaka ambayo sisi wawili tungeizunguka mpaka nimalize shule. Nilikuwa nimejenga kila kitu ili siku kama hiyo niweze kukana. Sikuwa hata na haja ya kukana. Nilihitaji tu kukaa kimya, kazi ninayoijua kuliko zote.

"Ni zangu," nikasema.

"Nini?" fundi hakusikia.

"Ni zangu. Zote za huyu mtu ni zangu. Usitupe."

Mjomba alinitazama kama kiti kilichoongea. "Zako? Za wewe?" Kicheko kilikuwa kinatoka usoni mwake polepole, kama maji kwenye sinki iliyoziba. "Sasa huyu mwenye badge ni nani?"

Akainamisha macho. Ilikuwa Jumamosi, na kitambulisho kilikuwa kinaning'inia pale pale kifuani.

"Yaani mimi ndio fala?"

"Boss," fundi akasema, "hiyo neno haikuwa kwa faili. Umeleta mwenyewe."

Mzee wa chaja alikohoa, akaenda kutazama mawigi.

Fundi akageuza skrini ikatazama ukuta. "Siz, pita huku ndani." Akaniachia kiti chake, akasimama nyuma kwa mbali, akila simsim na kutazama watu wakipita. Nikafungua zilizobaki peke yangu. Yangu. Tupa. Yangu. Ya mama. Kidato cha kwanza chote hakikurudi. Pale ndipo window ilikanyaga sawasawa. Faili moja ilianzia katikati ya sentensi, nami mpaka leo sijui nilikuwa namtukana nani.

Mjomba alikumbuka ana mkutano Westlands. Jumamosi alasiri, mkutano. Alimuaga mama, akamuaga hata fundi, akaniruka. Siku hizi akija kwetu huvaa kitambulisho ndani ya shati. Kamba inaonekana.

Tulirudi kwa miguu kuelekea steji ya matatu, mama na begi la laptopu begani. Sikumsaidia kubeba na hakuomba.

"Kuna zingine umeniandika mimi?" akauliza.

"Ziko."

"Mbaya kama hiyo?"

"Zingine mbaya zaidi."

Akatembea kidogo. "Na wewe unacheka watu. Hiyo ya anko wako ni nini, kama si kucheka mtu?"

"Mimi sikumsomea jirani."

Nilitarajia kofi, au angalau jina langu lote kwa ukamilifu. Alihamisha begi bega lingine. Bodaboda ilipanda juu ya njia ya watu, naye akanivuta mkono wa sweta akaniweka upande wa ukuta, bila kunitazama, kama anayesogeza dawati. Hakuomba msamaha. Walimu hawana hiyo.

Tulipofika stejini tukapanga foleni. Mbele yetu kulikuwa na watu kama kumi. Mama alitazama migongo yao kwa muda mrefu.

"Yule mtoto wa hiyo insha," akasema, "nilimpa alama nzuri."

"Ngapi?"

"Nzuri tu."

Nilijua anadanganya. Yeye naye alijua nitaliandika hilo.