Jani Lisiloogopa Mwanga

Watu walimwita Flashi, na mkewe, hadi alipofariki, alikuwa Mama Studio. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kiti cha kupigia picha. Nyuma ya kiti, mahali ambapo wapiga picha wenzao walitundika pazia lililochorwa maua, palikuwa na tangi la samaki, refu kama kitanda, limesheheni mimea hai. Hapo walikaa maharusi, watoto waliopakwa mafuta hadi wakang'aa, na mabwana waliokuja na koti la kuazima. Zamani mtu alioga na kuvaa ndipo akapigwa picha. Siku hizi anajipiga picha mswaki ukiwa bado mdomoni, anafuta, anajipiga tena, na ukutani kwake hana hata moja.

Kuchagua samaki ilikuwa kazi ya Mama Studio, na wauzaji hawakumpenda. "Kwanza nionyeshe mdomo," alikuwa akisema, kama mtu anayenunua punda. Mwenye mdomo wa kumeza wenzake alimwacha huko huko, awe mzuri vipi. Kisha aliuliza kila mmoja anaishi wapi, maana wa chini hakutaka wagombanie changarawe, wala wa juu wawasumbue wa katikati. Samaki wanaokula majani hawakukanyaga kwake. Wanaopenda kundi aliwanunua kundi. Akishamaliza ukaguzi wake, ndipo mumewe alipopewa zamu ya kuwasha taa ya kamera mbele ya kioo. Samaki wa studio sharti astahimili mwanga. Anayepapatika huharibu picha ya watu.

Mama Studio alipokufa, nguo zake zikagawiwa, vyombo wakachukua dada zake. Wakabaki samaki wadogo wa rangi ya fedha, wenye mstari mwekundu ubavuni, kundi la mwisho alilolichagua mwenyewe. Katika vyote alivyoviacha, hao tu ndio waliokuwa wakipumua, na Flashi alijiapia kwamba hawatamfia mkononi. Lakini walikuwa wamepungua kwa uzee, na kundi likipungua huwa na woga. Walijificha kwenye majani kutwa nzima. Akaona wanahitaji mwenzao mtulivu, wa kuwapa moyo.

"Mzee, hao wenu wa zamani hawaletwi tena," muuzaji alimwambia bila kuinua macho kwenye simu. "Chukua hawa wa rangi rangi."

"Wanaweza kupigwa picha?"

"Picha ya nini, kitambulisho?"

Flashi akatoa taa yake mfukoni, akaiwasha. Duka zima samaki walitawanyika kama wachuuzi walioona askari.

"Mzee! Utaniulia mali!"

Mmoja tu hakutikisika. Alining'inia kwenye kona, bapa, rangi ya jani lililokauka, kama kitu kilichodondoka majini na kusahauliwa.

"Na huyu?"

"Huyo mpole kupita kiasi. Hata chakula cha kopo hagusi."

"Angekuwa mteja, ningempiga picha bure," alisema Flashi, akamchukua. Alifurahi mno hata mdomo hakuutazama.

Alipomwachia kwenye tangi, yule samaki alielea taratibu hadi kwenye mimea, na macho ya Flashi yakampoteza hapo hapo. Hakumwona tena. Alidhani amekufa.

Kisha wale wadogo wakaanza kupungua. Alifungua chujio, akainua mawe, akamulika sakafu nyuma ya tangi. Hakupata mzoga wala gamba, na kifuniko kilikuwa kimekazwa vizuri. Waliosalia walitoka kwenye majani wakajibanza kwenye kioo, nyuma kabisa ya kiti cha wateja. Chakula kilishuka mbele yao wasikigeukie.

Bintiye alipoleta nguo alizomfulia, aliketi kwenye kile kiti, akainuka upesi.

"Baba, kuna nini humu? Nahisi kisogo kinatazamwa."

"Ni samaki tu, mwanangu."

"Samaki gani? Hawa wako wote wanatazama kule kwenye majani." Akasogeza uso kwenye kioo. "Wanamtazama nani?"

Flashi akatia filamu kwenye kamera yake ya zamani, akapiga majani yale, akaingia chumba cha giza. Karatasi ilipolala kwenye dawa, mashina yalijitokeza kwanza, kisha majani, moja moja, yote na mishipa yake. Halafu moja likatoa jicho. Jicho la mviringo, limetulia, linatazama kamera moja kwa moja kama mteja aliyefundishwa vizuri. Chini yake palikuwa na mdomo uliokunjwa kama mwavuli, ambao ukifunguka ungemeza samaki mzima.

Alipotoka mbio, kwenye kioo alikuwa amebaki mmoja.

Aliwasha taa, akawasha tena. Majani yote yalikuwa majani. Basi akachukua mkasi wa kukatia picha, akakunja mikono ya shati, akaanza kufyeka.

"Baba! Hiyo ni bustani ya mama!"

"Na huyu ni samaki wa mama. Lete ndoo yenye maji."

Alikata mimea ambayo mkewe aliianza kwa kijiti kimoja kimoja, akaitupa ndooni kwa mafungu, apate kuipanda tena baadaye. Maji yalichafuka. Yule mdogo alikimbia kona hadi kona, hadi Flashi akamfumbata kwa viganja viwili. Alihisi moyo wake ukidunda, au labda ulikuwa wa kwake mwenyewe. Akamtia ndooni, kwenye majani mengi, apate pa kujificha.

"Sasa tubaki mimi na wewe," aliliambia tangi.

Alikata shina la mwisho. Akapapasa changarawe yote, akasubiri tope litulie. Ng'ambo ya maji ulionekana ukuta mtupu, na hapakuwa na kitu kingine. Aliutazama kwa muda mrefu, mkasi ukimdondoshea matone miguuni.

Nyuma yake bintiye alikuwa amechuchumaa juu ya ndoo, akiyapekua majani kwa kidole.

"Baba," alisema polepole. "Yule mdogo, una hakika ulimtia humu?"